Majani Mekundu ya Septemba

Mwishoni mwa Agosti mapori ya Iringa huwa yamekauka mpaka macho yanachoka kuyatazama. Nyasi zimeungua au zimeliwa zikaisha, njia za ng'ombe zimegeuka vumbi, na vijito vimebaki mchanga mtupu. Mvua bado iko mbali. Huku Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, miaka mingine hadi Mei. Lakini Septemba inapoingia, kabla hata wingu moja la maana halijaonekana, miti ya miombo huanza kutoa majani mapya, na majani hayo hutoka mekundu. Mengine ni damu ya mzee, mengine shaba, mengine waridi iliyokolea. Kwenye kilima kimoja unaweza kuziona rangi zote hizo kwa pamoja, huku ardhi chini yake ikiwa bado nyeusi kwa majivu.

Hayo ndiyo majira yetu ya kuchipua. Nayasema wazi kwa sababu vijana wanaokuja kwangu kujifunza kuchora hufika na picha za maua ya Ulaya na za micheri ya Japani kwenye simu zao, wakitaka niwafundishe kuchora hayo. Nawapenda vijana hawa, na maua hayo kweli ni mazuri. Ila kesho yake alfajiri huwa nawapeleka porini, nawakalisha mbele ya tawi moja la mrihi, mmojawapo wa miti hiyo ya miombo, nami nakaa kando na kuwaacha watazame. Wengi wamezaliwa wilaya hizi hizi, wamepita barabarani kila Septemba ya maisha yao, na ndiyo mara yao ya kwanza kuliona jani hilo kwa karibu.

Mimi ni mchoraji wa mimea. Ninachora mmea mmoja mmoja, kwa ukubwa wake halisi inapowezekana, kwa rangi za maji juu ya karatasi nyeupe, kwa usahihi wa kumwezesha mtaalamu kuutambua bila kuuliza jina. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kukaa chini ya miti hiyo msimu baada ya msimu.

Kwanza nieleze kwa nini miti ichipue wakati wa ukame, maana hilo ndilo swali la kwanza la kila mtu. Mizizi ya miombo huenda chini sana, mahali ambapo udongo bado una unyevu wa mvua iliyopita, na mti wenyewe huhifadhi maji katika shina lake. Baridi ya Juni na Julai ikishapita na joto likaanza kupanda, mti hutumia akiba hiyo kutoa majani, ili mvua ikifika iyakute yamekomaa. Wekundu unatokana na kemikali iitwayo anthosiani. Maelezo yanayotolewa na wataalamu ni kwamba rangi hiyo hulikinga jani changa dhidi ya jua kali na wadudu, wakati bado ni laini na halijaanza kujitegemea. Kisha klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, huongezeka, wekundu unarudi nyuma, na katika muda mfupi tu kilima kizima kinakuwa kijani. Mtu aliyesafiri wiki mbili akarudi anaweza asijue kilichotokea.

Nilianzia mbali na haya. Nilijifunza uchoraji Dar es Salaam, Oysterbay, pale Morogoro Stores, kwenye vibanda vya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianzisha uchoraji ule mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, na alipofariki mwaka 1972 wanafunzi na ndugu zake wakauendeleza. Mimi niliingia baadaye sana, nikiwa binti aliyemaliza shule bila kazi, nikapewa brashi na fundi aliyenifundisha kwanza kupiga mstari mmoja mrefu bila mkono kutetemeka. Mstari ule ninao mpaka leo. Kila ninapochora ukingo wa jani, ni yeye anayeuchora kupitia mkononi mwangu, na ninamshukuru.

Rangi za Tingatinga hufunika. Unaanza na usuli, unausubiri ukauke, unaweka chui, unaweka madoa, na nyeupe inakuja mwisho kabisa, nukta moja moja, juu ya kila kitu. Rangi za maji zinataka kinyume chake. Unaanza na kilicho chepesi, unakwenda polepole kwenye kizito, na nyeupe ni karatasi yenyewe. Ukishaipaka rangi, haiwezi kurudi. Kwa hiyo kabla ya kugusa karatasi lazima uwe umeshaamua mwanga utakaa wapi. Kwa mtu aliyezoea kuamua mwishoni, huko ni kujifunza kuwaza upya. Ilinichukua muda mrefu, na ulikuwa muda mzuri.

Nilirudi Iringa kumuuguza mama. Katika miaka ile, mtafiti mmoja wa misitu alipanga chumba nyumba ya jirani, na jioni alikuwa akitandika magazeti uani na kukandamiza majani makavu ndani yake. Aliona nachora. Akaniletea jani la mrihi na kuniomba nimchoree kwa ajili ya kitini cha wanafunzi wake. Nilichora upesi, nikampa. Akalitazama, akasema limependeza, kisha akauliza kwa upole, "Dada, umeweka jozi ngapi?"

Jani la mrihi, ambalo kitaalamu ni Brachystegia spiciformis, lina vijani, yaani majani madogo, vilivyopangwa kwa jozi kwenye uti mmoja, mara nyingi jozi nne, na jozi ya mwisho, ile ya nchani, ndiyo kubwa kuliko zote. Hakuna kijani kimoja cha kufungia nchani. Jamaa yake wa karibu, Brachystegia boehmii, anaweza kuwa na jozi zaidi ya ishirini, nyembamba, zimebanana. Kwa mtafiti, idadi ile ndiyo jina la mti. Tuliketi pale uani tukahesabu pamoja, na tangu jioni ile siwezi tena kutazama mmea bila kuhesabu. Maua ya jamii ya lili (lily) huenda kwa tatu na sita. Ua la mninga lina petali tano na stameni kumi, yaani vile vijiti vya ua vyenye chavua. Ukishajua hesabu ya mmea, hata sehemu iliyojificha nyuma ya jani unaweza kuiweka mahali pake kwa uhakika, kwa sababu unajua ipo.

Vifaa si vingi. Penseli ngumu ya 2H, kichongeo kizuri, ufutio laini, bikari ya kupimia, rula, lenzi ya kukuzia mara kumi, brashi tatu zenye ncha inayojikusanya, na karatasi ya pamba isiyo na mikwaruzo, gramu 300 kwa mita ya mraba. Karatasi ndiyo ghali. Huku haipatikani, huwa naagiza kwa mtu anayesafiri Dar es Salaam au Nairobi, na kila ikifika naikata vipande vya majaribio kwanza. Nawasihi wanaoanza wasikwamishwe na hilo. Mwaka mzima wa kwanza nilichora kwa penseli peke yake kwenye madaftari ya shule, nikipima kwa bikari, na yale madaftari nayafungua hadi leo nikitaka kujua urefu wa kikonyo fulani.

Jani changa halisubiri. Ukilikata saa nne asubuhi, kabla hujachonga penseli limeshalegea, na rangi yake imeshaanza kugeuka. Kwa hiyo nafika porini mapema, saa moja hadi saa tatu ndiyo saa zangu, na ninachora tawi likiwa mtini. Nalifunga uzi mweupe ili nilijue kesho. Nikilazimika kulikata, nalikata likiwa limepindwa ndani ya ndoo ya maji, nalifunga pamba mbichi kwenye jeraha, na nalibeba ndani ya mfuko uliopulizwa hewa. Hata hivyo, rangi naiandika pale pale. Ninachukua kipande kirefu cha karatasi, napaka kisanduku kidogo cha rangi ya jani la leo, naandika tarehe na saa na jina la rangi nilizochanganya. Kesho kisanduku kingine kando yake. Mwisho wa msimu nina ukanda unaoonyesha jani likisafiri kutoka damu ya mzee hadi kijani cha mzeituni, na katikati kuna rangi ambazo hazina jina kabisa, za siku moja tu.

Kuzipata rangi zile ni kazi yenyewe. Mwanzoni nilitumia nyekundu ya alizarini, ambayo ni nzuri sana ikiwa mbichi, lakini hufifia ikikaa kwenye mwanga. Sasa natumia nyekundu za kwinakridoni, zinazostahimili zaidi, na kuzichanganya na kahawia ya udongo uliochomwa na njano kidogo inayopitisha mwanga. Jani changa linang'aa kana kwamba limepakwa mafuta, na mng'ao wake una rangi ya anga. Hapo ndipo ilinibidi kusimama muda mrefu: juu ya jani jekundu kuna kipande cha buluu nyepesi mno, karibu nyeupe, na ukikikosa hicho jani linakauka mkononi mwako. Siku hizi naanza na buluu ile, naiacha ikauke, kisha naleta wekundu kuizunguka kwa tabaka jembamba juu ya jembamba. Jani moja linaweza kupokea tabaka nane au kumi, kila moja ikisubiri ya kwanza ikauke. Ninaipenda sehemu hii ya kazi kuliko zote.

Aliyenifundisha pori lenyewe ni mzee mmoja mfuga nyuki. Mizinga yake ya magogo imetundikwa kwenye miti niliyokuwa nikiichora, kwa hiyo tulikutana bila kupanga. Nilimwamkia, "Kamwene, babu," akaitikia, akazunguka kuangalia ninachofanya, akakaa juu ya jiwe bila kusema neno. Aliporudi siku nyingine aliniuliza, "Mjukuu wangu, umechora majani. Maua yake mbona huchori?"

Nikamwambia sijayaona.

"Huwezi kuyaona. Sikiliza."

Nikasikiliza. Mti mmoja ulikuwa unavuma kutoka juu hadi chini. Maua ya mrihi ni madogo, ya kijani iliyopauka, yamejikusanya kwenye vishada vifupi katikati ya majani machanga, na kwa mbali hayaonekani hata kidogo. Nyuki walikuwa wameshayapata. Asali nyingi ya miombo inatokana na maua ya aina hii, ya Brachystegia na ya jamaa zake Julbernardia, na babu anajua mti upi umefunua leo na upi utafunua keshokutwa kwa sauti tu. Alipinda tawi kwa ufito wake wenye kulabu, akanishushia kishada. Chini ya lenzi yale maua yalikuwa na stameni ndefu zilizotoka nje, harufu tamu, na ukungu wa chavua. Nilichora mpaka jua likanitoa.

Tangu hapo nampelekea babu kila picha kabla ya mtu mwingine yeyote. Hatazami kama wanavyotazama watu wa maonyesho. Anaweka kidole karibu na karatasi bila kuigusa, anafuata kikonyo kutoka chini, na mahali kidole kinaposita ndipo ninajua pa kurudia. Mara moja kidole kilisita kwenye ganda. Nilikuwa nimelichora likiwa limefunguka, nusu zake mbili zimekaa wima. Akasema ganda la mrihi likipasuka hujisokota. Na kweli, Agosti hadi Oktoba, jua la adhuhuri linapokaza, maganda magumu ya msimu uliopita hupasuka kwa mlio unaosikika mbali, pa! pa!, nusu zikijikunja kama skrubu na mbegu bapa zikirushwa mita nyingi kutoka kwenye mti. Ukikaa chini ya miombo saa sita mchana unasikia kote kukilia hivyo. Nilienda kuokota nusu kadhaa za ganda, nikazichora zikiwa zimejisokota.

Mninga nao huchanua wakati huo huo, mara nyingi ukiwa bado hauna majani. Mti mzima unakuwa njano, njano yenye chungwa ndani yake, na harufu yake inakufikia kabla hujauona. Petali zake zimekunjamana ukingoni kama karatasi iliyofinywa, na hazikai; baada ya siku chache ziko chini, zimetandaza uwanja. Hapa kwetu kila nyumba inayojiweza ina kitanda au mlango wa mninga. Nimekuwa nikiwauliza wageni wanaokuja kwangu, watu wazima waliolala juu ya mninga maisha yao yote, kama wameshaliona ua lake. Karibu wote hawajaliona. Hiyo ndiyo sababu nilichora mninga kabla ya mti mwingine wowote nilipoanza kuuza picha: ua, jani, lile tunda la duara lenye bawa kavu kuzunguka kitovu cha miiba, na kipande cha gome kikitoa utomvu mwekundu. Picha hiyo fundi seremala mmoja aliinunua akaitundika karakanani, juu ya randa, na hakuna mahali ambapo ningependa ikae kuliko pale.

Moto ndio unaoniumiza. Pori linapochomwa mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa na unyevu, moto hupita chini na kuzima. Ule wa Septemba na Oktoba ni mwingine: kila kitu kimekauka, upepo una nguvu, na majani yale mekundu ndiyo kwanza yametoka. Mwaka mmoja nilifika asubuhi nikakuta tawi langu lenye uzi mweupe limeungua pamoja na miti yote ya upande ule wa bonde. Mizinga miwili ya babu ilikuwa imeanguka. Tulizunguka pamoja bila mazungumzo, yeye akitafuta kilichobaki cha makundi yake, mimi nikihesabu vigogo. Miombo ina nguvu, huchipua tena kutoka kwenye kisiki na kwenye mizizi, na baada ya muda ilichipua, mekundu vile vile. Lakini mti unaochomwa hivyo kila mwaka unachoka, na ukiongeza shoka la mkaa juu yake, pori linakuwa vichaka. Nimeona vilima vilivyokuwa vyekundu nilipokuwa msichana ambavyo leo Septemba ni kahawia tu. Ninavijua kwa majina, na nimeanza kuchora kile kidogo kilichobaki kwenye kila kimoja, na kuandika mahali na tarehe nyuma ya karatasi.

Mvua inapofika kweli, uyoga unaibuka chini ya miombo ndani ya siku chache. Mizizi ya miti hii inaishi pamoja na fangasi, na ndiyo maana uyoga wa porini ni mwingi hapa. Akina mama huupanga kando ya barabara kwenye sinia na ndoo ndogo. Hapo wengi hudhani majira yameanza. Kwangu mimi huwa nusu ya kazi imeshapita, na naanza kufunga begi kwenda Kitulo.

Kitulo ni habari nyingine kabisa. Kutoka Chimala unapanda ukingo wa mlima kwa barabara yenye kona hamsini na saba, na wenyeji huiita kwa idadi hiyo hiyo, Hamsini na Saba. Juu kuna uwanda wa nyasi kwenye mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, ulioko kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Mwaka 2005 ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na unajulikana kama hifadhi iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Wenyeji walishaiita Bustani ya Mungu. Wataalamu wamehesabu takriban spishi 350 za mimea pale, zikiwemo okidi 45 za ardhini. Julai kuna jalidi; nyasi zinakaa zimepauka. Kuanzia Novemba hadi Aprili ua hufuata ua, na kila majuma machache uwanda unabadilisha rangi.

Mchoraji akifika pale anataka kuchora kila kitu. Mimi huchagua mmea mmoja kwa safari, basi. Safari niliyojifunza zaidi nilichagua okidi ya jenasi ya Satyrium, na niliketi mbele yake juu ya gunia, nimefunikwa koti la mvua, ukungu ukija na kuondoka. Okidi nyingi huusokota ufuko wa mbegu ili ule mdomo wa ua ukae chini, nyuki apate pa kutua. Hii haisokoti. Mdomo wake uko juu, umejikunja kuwa kofia, na nyuma yake zinashuka mikia miwili myembamba yenye mbochi. Miwili. Karibu okidi zote nyingine zenye mkia zina mmoja. Nilipozihesabu niliinuka nikazunguka ua mara ya pili ili kuwa na uhakika, na nilifurahi kiasi kwamba mhifadhi aliyeniongoza alikuja kuniuliza kuna nini. Nikampa lenzi. Naye alikaa chini.

Yeye ndiye aliyenieleza habari za chikanda. Okidi hizi zina viazi chini ya ardhi, na nchini Zambia viazi hivyo husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kinachopendwa sana. Zambia okidi zake zilipopungua, wachimbaji waligeukia upande wetu, na makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalitaja mamilioni ya viazi vikitoka Nyanda za Juu Kusini kila mwaka. Kila kiazi ni mmea. Siwezi kumlaumu mama anayechimba apate ada ya mtoto, na chakula chenyewe ni cha watu na kina heshima yake. Lakini niliporudi kwenye karatasi nilichora pia viazi vile, kutokana na mmea uliokuwa umeng'olewa na kuachwa njiani: kimoja kilichonywea, kilicholisha ua la mwaka huu, na kimoja kilichojaa, cha ua la mwakani. Vipo viwili daima, cha zamani na kipya. Mchimbaji huchukua kile kilichojaa.

Baada ya Kitulo nilielewa namna ya kukamilisha mrihi. Kazi kubwa ya mimea ya ukanda wetu, Flora of Tropical East Africa, ilianza kuchapishwa mwaka 1952 ikakamilika 2012, ikiwa na spishi zaidi ya 12,000 za Kenya, Tanzania na Uganda. Michoro yake ni ya wino mweusi, mizuri ajabu, na mingi imechorwa kutokana na sampuli zilizokaushwa. Jani la mrihi likikaushwa linakuwa kahawia. Wekundu wake haufiki kwenye kabati la sampuli. Kamera nayo inauona wekundu, ingawa simu yangu huuzidisha, lakini kamera hupiga saa moja ya siku moja. Karatasi inaweza kubeba mwaka.

Kwa hiyo karatasi yangu ya mrihi ina misimu yote pamoja. Kushoto chini kuna ganda lililojisokota la Agosti na mbegu mbili. Katikati, tawi la wiki ya kwanza ya majani, jekundu, bado limelegea, vijani vikining'inia. Juu yake kishada cha maua ya kijani na stameni moja iliyokuzwa mara kumi kando. Kulia jani lile lile la uzi mweupe, Desemba, gumu, kijani, na tundu moja la mdudu ambalo nililiacha kwa sababu lilikuwepo. Chini kabisa nimeweka ukanda wa rangi, visanduku vyote na tarehe zake. Niliifanya kwa zaidi ya msimu mmoja, kwa sababu kila sehemu ilinibidi kuisubiri mti uitoe. Nakala yake ipo sasa kwenye darasa la shule ya msingi ya kijiji kile, na watoto wameanza kuniletea matawi: wanasema huu umefunua, ule bado.

Kimebaki kitu kimoja. Mche wa mrihi ukichipua kutoka kwenye mbegu hautazamiki. Ni kijiti chenye majani machache, na kila kiangazi sehemu ya juu hufa au huungua. Huweza kuishi hivyo kwa miaka mingi, ukifa juu na kuchipua tena, huku chini ukijijengea mzizi mnene, mpaka siku moja unapata nguvu ya kupanda juu kuwa mti. Nataka kuuchora mzizi huo pamoja na kijiti chake, kwa ukubwa halisi. Sitaki kung'oa mche mzima kwa ajili ya picha. Babu amenipigia simu juzi: wanapanua barabara ya kijiji, na ukingo uliochongwa umeacha mizizi wazi urefu wa mtu. Nimeshaunganisha karatasi mbili kwa urefu. Jumatatu nitakuwa pale saa moja kamili, kabla greda halijaanza kazi.